Mishipa ya jani kwenye chipu

Karibu umeme wote unaoingia katika chipu ya kompyuta huishia kuwa joto, na joto hilo lisipoondolewa, chipu hupunguza kasi au huungua. Kompyuta ya mezani hutosheka na feni. Katika vituo vya data, ambako maelfu ya chipu hufanya kazi usiku na mchana, upepo pekee mara nyingi haufui dafu.

Ndipo wahandisi, wakitafuta njia ya kupoza chipu kwa kimiminika, walipogeukia jani. Mshipa wake mkuu hugawanyika kuwa midogo, nayo kuwa midogo zaidi, hivyo maji hufika kila pembe bila msukumo mkubwa. Mwaka 1926 mwanafiziolojia Cecil Murray aliieleza hesabu ya matawi ya namna hii kwa mishipa ya damu: kusukuma damu na kuitunza kwa pamoja hugharimu nguvu ndogo kabisa pale kipeo cha tatu cha kipenyo cha mshipa mama kinapolingana na jumla ya vipeo vya tatu vya vipenyo vya matawi yake.

Mwaka 2025 Microsoft, ikishirikiana na Corintis ya Uswisi, ilionyesha vijifereji vya kimiminika vya mfano wa mishipa ya jani, vyembamba kama unywele, vilivyochongwa nyuma ya chipu yenyewe. Kazi ni kupata kina sahihi: vikiwa na kina kidogo mno huziba, vikizama mno silikoni hupasuka.