Wapiga Picha na Ndege ya Likoni

Katika nyumba nyingi za huku Mabanga, mgeni akisha kukaribishwa kuketi, macho yake huzunguka ukutani huku chai ikichemka jikoni. Ataona saa, kalenda ya mwaka uliopita, na picha za wenyewe: baba alipokuwa kijana, mtoto siku ya ubatizo, mwana aliyekwenda kutafuta kazi mbali. Ukutani mwa nyanya yangu palikuwa na picha moja iliyozishinda zote kwa sifa. Ilimwonyesha mjomba wangu, mwaka 1994, amesimama kando ya ndege kubwa nyeupe, mkoba mkononi, akitabasamu kama mtu anayengoja kuitwa apande.

Mjomba alikuwa mchukuzi wa mizigo huko Mombasa. Picha hiyo ilipofika ndani ya barua, habari zilifika sokoni kabla ya jua kutua: kijana wetu amepanda ndege. Majirani walikuja kuuliza nauli ni kiasi gani. Ilipita miezi, ndipo kijana mmoja wa kijijini aliporudi kutoka pwani, akaitazama picha, akacheka hata machozi yakamtoka. Ndege ile, alisema, ilikuwa imechorwa kwa rangi kwenye pazia karibu na kivuko cha Likoni, wala haikupata kuruka tangu ilipochorwa.

Nyanya hakuiondoa picha ukutani. Nami, niliyekuwa mtoto mdogo wakati ule, nilifadhaika. Niliona kwamba mjomba alitudanganya, na kwamba mpiga picha alimsaidia kudanganya. Imenichukua miaka mingi kuubadili uamuzi huo, na katika kuubadili nimejifunza mambo kadha wa kadha juu ya kazi ya wapiga picha ambayo naona yafaa niwaeleze wasomaji.

Wapiga picha wa Likoni walikuwa na vibanda vyao karibu na kivuko, mahali ambapo maelfu ya watu walipita kila siku. Wengi wao hawakuwa wenyeji wa pwani, bali watu waliotoka bara kutafuta riziki, kama walivyokuwa wateja wao wengi. Nyuma ya mteja walitundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu ya mjini, wakayapamba kwa maua na vitambaa vinavyong'aa. Mtu akilipa alichagua safari yake: baharini, angani, au mjini. Mwezi Agosti mwaka 1997 machafuko yalipozuka Likoni na watu wa bara wakashambuliwa, vibanda vya wapiga picha navyo havikusalimika. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Bibi Heike Behrend, alizichunguza kazi zao na kuziandikia, na ni vema kwamba alifanya hivyo, maana sisi tuliopelekewa picha hizo hatukuona kwamba ni jambo la kuandikwa.

Lakini wale hawakuwa wa kwanza. Palepale Mombasa, mwaka 1942, Bwana N. V. Parekh alifungua studio yake, na kwa miaka mingi watu wa kila kabila na dini walikwenda kwake wakiwa wamevaa nguo zao bora: maarusi, marafiki wawili, mama na binti zake. Atazamaye picha zake ataona jinsi alivyoipanga nuru. Taa ikiwekwa ubavuni huuchonga uso, ikatokeza mashavu na pua. Taa ya pili, iliyo hafifu, hupunguza giza la upande wa pili ili uso usikatwe vipande viwili. Katika studio za zamani kazi haikuisha kamera ilipolia. Negativu iliguswa kwa penseli iliyochongwa kali sana, na kovu au kunyanzi likapotea. Hakuna aliyesema huo ni udanganyifu. Kila mtu alitaka atazamwe kama alivyo siku njema, si kama alivyo siku ya homa.

Kule Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993) alikwenda mbali zaidi. Alijifundisha mwenyewe kazi hii, na katika chumba chake cha giza aliunganisha picha mbili au zaidi zikawa moja, hata uso wa mtu ukatokeza ndani ya ua. Leo kijana mwenye simu hufanya jambo hilo kwa kidole katika dakika moja. Bakor alilifanya kwa karatasi, mkasi, nuru na dawa, na akikosea karatasi imeharibika na fedha zimepotea. Mimi nazipenda kazi zake kwa sababu hazijifichi. Hakuna anayedhani kwamba mtu aliota katika ua. Anayetazama anajua kwamba anachezewa, akafurahi.

Hata Afrika Magharibi mambo yalikuwa ni hayohayo. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Mbele ya shuka hilo watu waliketi kwa heshima kama wafalme. Siku hizi binti mmoja wa Nairobi, Thandiwe Muriu, aliyezaliwa mwaka 1990, amelichukua jambo la pazia akaligeuza. Humvika mwanamke nguo ya kitenge, akamweka mbele ya pazia la kitenge hichohicho, mauamaua yakakutana na mauamaua hata mwili ukakaribia kupotea. Kinachobaki ni uso, nywele zilizosukwa kwa ufundi mkubwa, na miwani iliyoundwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Mara ya kwanza nilipoziona picha hizo nilidhani ni mchezo wa rangi tu. Mara ya pili nilimkumbuka nyanya, ambaye wageni walikula chakula chake kwa miaka hamsini na wachache tu waliuliza jina lake.

Msomaji atasema: je, wale wa magazeti? Hao sheria yao ni nyingine kabisa. Mpiga picha wa habari hana haki ya kutundika pazia. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alikwenda Korem katika Ethiopia mwezi Oktoba 1984 pamoja na Michael Buerk wa BBC, na filamu aliyoipiga ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa ikaishtua dunia hata misaada ikamiminika. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wake wa kushoto; alirudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa mwezi Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Baada yake, Boniface Mwangi alipiga picha za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kisha picha hizo zikazungushwa katika miji ya Kenya kwa jina la Picha Mtaani, zikasimamishwa barabarani ili wapita njia wajionee yaliyotendwa. Sisi wa Bungoma na Kitale tuliyaona mengi ya miaka ile kwa macho yetu, na nakiri kwamba baadhi ya picha hizo sikuweza kuzitazama mara mbili. Kama Mwangi angalizipamba kidogo tu, angalitukosea sana.

Basi kamera ni moja, lakini ahadi ni mbili. Amin na Mwangi walimwahidi mtazamaji kwamba jambo lilikuwa hivi. Mpiga picha wa Likoni hakumwahidi mtazamaji lolote. Alimwahidi mjomba, aliyekuwa amelipa, kwamba kwa muda wa kufumba na kufumbua atakuwa msafiri. Kosa lilikuwa letu tulioisoma picha ya namna moja kana kwamba ni ya namna nyingine.

Mjomba alifariki mwaka 2003. Tulipomleta nyumbani ilitakiwa picha ya kuwekwa juu ya jeneza, na picha zake zilikuwa mbili tu katika dunia nzima: ya kitambulisho, ambamo amekaza uso kama mtu aliyeshtakiwa, na ile ya ndege. Mzee mmoja wa ukoo alisema si vema mtu azikwe na uongo. Wengine wakamwunga mkono, na maneno yakawa marefu, maiti ikingoja. Nyanya alinyamaza muda mrefu. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akaitoa picha ya ndege ukutani pamoja na msumari wake, akaiweka mwenyewe juu ya jeneza. Hakuna aliyeiondoa.

Picha ile sasa ninayo mimi. Ukuta ulikuwa unaelekeana na dirisha, na picha za rangi hazivumilii jua. Mbingu iliyokuwa ya samawati imekuwa ya manjano. Wenye picha za namna hiyo wazihifadhi penye ukavu na kivuli, ndani ya bahasha, na waandike nyuma kwa penseli laini jina la mtu, mahali na mwaka, maana wino huweza kupenya hadi usoni. Na walio na picha katika simu tu wachague chache wazichapishe, kwa kuwa simu ikiibiwa au ikianguka mtoni imekwenda na ukoo mzima.

Mwaka jana niliipeleka Bungoma mjini ili itolewe nakala. Kijana wa mashine alikuwa mwungwana na mjuzi. Aliitazama, akaniambia kwa adabu kwamba ndege ile imechorwa vibaya, gurudumu la mbele limekwenda upande, na kwamba angeweza kuiondoa kwa kompyuta aweke ndege ya kweli kwa bei ileile. Nikamwomba arudishe samawati ya mbingu tu, na gurudumu aliache lilivyo.