Istilahi za Gari Dogo: Je, Maji ya Rejeta ni Maji?

Mfasiri anayepewa fomu ya bima ya gari aghalabu hukwama mapema, kwenye mstari unaouliza umbo la gari. Lori analijua, basi analijua, saluni na pikapu anazijua. Lakini lile gari dogo la bei nafuu, lililokatwa nyuma na lisilo na mkia, ambalo leo limejaa katika barabara za Dar es Salaam, mtaani huitwa kwa jina la kiwandani tu: Vitz, Starlet, Demio, March. Jina la kiwandani halifai kuwa istilahi. Vitz ilianza kuuzwa mwaka 1999, Ulaya ikajulikana kama Yaris, na mwaka 2020 jina la Vitz likaachwa hata Japani kwenyewe. Magari bado yanatembea kwetu. Jina limekwisha kufa kwao.

Wako walioandika "kigari". Hilo ni neno la udogo, tena lina harufu ya dharau, na halielezi lolote juu ya umbo. Wengine wamependelea "gari la milango mitano". Mwenye gari akihesabu milango yake hupata minne, akadhani karani amekosea. Wa tano ni ule wa nyuma, unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Hesabu ni sahihi ila haitoshi, kwa sababu stesheni wagoni nayo ina mlango huo, na yako magari mafupi yenye milango mitatu tu. Sisi twapendekeza "gari fupi la mlango wa nyuma". Ni refu kidogo kwa istilahi, lakini msomaji hahitaji kufafanuliwa. Neno "buti" libakie kwa saluni, ambayo sanduku lake la mizigo limetengwa na abiria. Katika gari fupi abiria na mizigo wamo chumba kimoja, wametengwa na kiti kinachoweza kulazwa. Hapo tuseme "sehemu ya mizigo".

Ama vipuri, kazi ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Usukani ulitoka jahazini ukaingia garini bila ya kikao cha mtu yeyote. Boneti, bampa, klachi, gasketi na shokomzoba yamekwisha kuwa maneno ya Kiswahili, na mafundi ndio waliyoyasanifu kabla yetu. Mwalimu asipoteze kipindi kizima akitafuta neno la Kibantu la shokomzoba.

Shida huanza pale neno la gereji linapomwambia mwenye gari jambo lisilo kweli. Mfano mkubwa ni "maji ya rejeta". Mtu aliyenunua gari lake la kwanza, tena lililotumika, husikia kwamba rejeta hutiwa maji. Basi hutia maji, ya bomba au ya kisima, na haoni kosa lolote. Mtengenezaji hakukusudia hivyo. Kinachotakiwa ni mchanganyiko wa maji safi na kemikali ya glaikoli, mara nyingi nusu kwa nusu, pamoja na dawa za kuzuia kutu. Mchanganyiko huo hufanya kazi mbili ambazo maji matupu hayawezi kuzifanya. Kwanza, hulinda chuma na alumini zisiliwe. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija myembamba ya rejeta, mpaka njia inaziba. Pili, huchelewa kuchemka. Maji matupu yakiwa wazi huchemka kwa digrii 100 za sentigredi pale Tanga, na kwa kiasi cha digrii 94 tu Mbeya, mji ulio juu sana kutoka usawa wa bahari. Kifuniko cha rejeta, kwa kuzuia mvuke, huongeza kiwango hicho. Lakini mwenye maji matupu huanzia chini kuliko mwenzake, na mlima ni uleule.

Injini ya gari dogo haina stahamala. Likichemsha, kama wasemavyo madereva, kichwa cha injini kilicho cha alumini hupinda, gasketi huungua, na gharama ya matengenezo yaweza kumfanya mwenyewe aliegeshe gari uani kwa miezi. Kwa hiyo neno "maji" hapa si kosa la sarufi. Ni ushauri mbaya. Mafundi kadhaa husema "kulanti". Twapendekeza "kipoza injini", na katika maandishi ya mafunzo mfasiri aongeze mara ya kwanza: "si maji matupu".

Jambo la pili ni "oili ya giaboksi". Jina hili moja hufunika vimiminiko vitatu visivyopatana: oili nzito ya gia za kubadili kwa mkono, oili nyepesi ya gia zinazojibadili zenyewe, na ya tatu, iliyo ngeni zaidi. Vitz nyingi za toleo la mwaka 2005 hadi 2010 hazina ngazi za gia hata kidogo. Zina mkanda wa chuma unaozunguka baina ya makapi mawili, ambayo hupanuka na kubana kadiri ya mwendo. Mkanda huo hutegemea oili yenye mshiko maalumu. Ukitiwa oili ya aina ya pili huweza kuteleza, na chuma kikaanza kula chuma. Mwenye gari alisema "oili ya giaboksi", fundi akatia oili ya giaboksi. Kila mmoja alisema kweli. Yafaa basi kutofautisha: "giaboksi ya mkono", "giaboksi ya kujibadili" na "giaboksi ya mkanda", na oili ifuate jina la giaboksi yake. Agizo hili ni la lazima hasa kwa watayarishao mitihani ya ufundi, maana magari haya huja na vitabu vya Kijapani, na mwanafunzi hana pengine pa kusoma.

Tunawasihi wafasiri, hata hivyo, wasilifukuze neno "maji" kila mahali. Maji ya betri ni maji kweli, ila yawe yaliyokenekwa. Na maji ya waipa yabakie maji ya waipa.