Pesa zikikwama njiani, usikimbilie matapeli

Chukua mfano wa mkulima wa mahindi viungani mwa mji wa Kitale. Msimu wa kupanda umewadia, mbolea haijanunuliwa, na mwanawe aliye ng'ambo amepiga simu kusema ametuma pesa kwa njia ya Bitcoin. Mzee anafungua pochi ya kidijitali kwenye simu yake na kukuta kiasi chenyewe kipo, ila kimeandikwa kwamba hakijathibitishwa. Siku nzima inapita. Je, zimeibwa?

La hasha! Mara nyingi pesa hizo ziko kwenye foleni tu.

MFANO WA MATATU

Hebu fikiria, msomaji, steji ya matatu za kutoka Kitale kwenda Bungoma mkesha wa Krismasi. Viti ni 14, abiria ni mia. Makanga haulizi nani alitangulia kufika. Anayetoa nauli nono ndiye anayepanda.

Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ina mtindo uo huo. Kila baada ya dakika 10 hivi, maelfu ya miamala hupakiwa na kuondoka pamoja. Wenye kompyuta zinazofanya kazi hiyo, ambao huitwa wachimbaji, huchagua kwanza ile yenye ada kubwa. Mnamo Aprili 20, 2024, msongamano ulizidi hata ada ya wastani ikapita dola 100 za Marekani kwa muamala mmoja. Aliyelipa ada ndogo siku hiyo aliachwa steji.

UFANYE NINI?

Kwanza, mwombe aliyetuma akupe nambari ya muamala. Kuna tovuti za bure ambapo mtu yeyote anaweza kuiangalia.

Pili, ikiwa bado inangoja, mtumaji asitume upya, asije akalipa mara mbili. Pochi nyingi humruhusu kuongeza ada kwenye muamala ule ule.

Tatu, kuwa na subira. Muamala usiposafiri, kwa kawaida kompyuta za mtandao huo huuondoa kwenye foleni baada ya siku 14, na mtumaji akawa na pesa zake tena.

JIHADHARI

Ukikosea nambari katika M-Pesa, unatuma ule ujumbe kwa 456 na kuomba pesa zirudishwe. Bitcoin haina meneja wala ofisi ya malalamiko, na muamala ukishathibitishwa haurudishwi. Hapo ndipo matapeli hupata mwanya. Mama wa Bungoma anayengoja karo ya watoto hupigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, akidai kwamba atazikwamua pesa hizo iwapo atapewa yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi.

Usimpe! Maneno hayo ndiyo ufunguo wa pochi yako, na hakuna fundi wa kweli anayeyahitaji ili kuondoa muamala kwenye foleni. Afadhali umsihi mwenye duka la mbolea, au mwalimu mkuu, akuvumilie siku mbili tatu.