Hofu ya Udogo wa Uume na Ugonjwa wa Kuhisi Kasoro ya Mwili: Haja ya Kutenganisha Dhana katika Huduma za Afya

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo vya mabasi hubandikwa matangazo ya waganga wanaodai kurefusha na kunenepesha uume. Matangazo hayo yanadokeza kuwa wateja wapo, lakini hayaonyeshi wateja hao wana tatizo gani. Makala haya yanafafanua hali tatu ambazo huchanganywa mara kwa mara, na kuonyesha kwamba kila moja inahitaji huduma yake.

Hali ya kwanza ni udogo halisi wa uume. Huu hutambuliwa kwa kipimo: urefu wa uume ulionyoshwa huwa chini ya wastani wa umri husika kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 2.5. Hali hii ni nadra, aghalabu hutokana na upungufu wa homoni kabla ya kuzaliwa, na mahali pake ni kwa daktari wa homoni, hasa utotoni.

Hali ya pili ni hofu ya udogo wa uume kwa mwanamume mwenye maumbile ya kawaida. Lever na wenzake (2006), katika uchunguzi wa watu 52,031, walibaini kuwa asilimia 85 ya wanawake waliridhika na ukubwa wa uume wa wenzi wao, ilhali wanaume walioridhika na wao wenyewe walikuwa asilimia 55 tu. Kwa kundi hili, taarifa sahihi husaidia. Veale na wenzake (2015), wakijumlisha tafiti zilizohusisha wanaume hadi 15,521 waliopimwa na wahudumu wa afya, walipata wastani wa sentimita 13.12 kwa uume uliosimama. Kiwango kilicho chini ya kile ambacho wengi hukidhania.

Hali ya tatu ni ugonjwa wa kuhisi kasoro ya mwili, ulioelezwa na Enrico Morselli nchini Italia mwaka 1891. Tangu 2013, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, katika toleo lake la tano, unauweka katika kundi moja na ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Mgonjwa hutawaliwa na kasoro ambayo wengine hawaioni au huiona ndogo mno. Hujipima, hujilinganisha na kuuliza tena na tena, hata kazi na ndoa vikaathirika. Hatari ya kujiua nayo huongezeka.

Tofauti kati ya hali ya pili na ya tatu ndiyo yenye uzito kisera. Mwenye hofu akionyeshwa takwimu hupata nafuu. Mgonjwa hutulia kwa muda mfupi, kisha hurudi kupima upya. Kwake, upasuaji kwa kawaida hauondoi mateso, kwa kuwa chanzo si kiungo. Tiba zenye ushahidi ni ya kisaikolojia ya kurekebisha fikra na mienendo, pamoja na dawa zinazoimarisha utendaji wa serotonini katika ubongo.

Kwa hiyo, mhudumu wa zahanati anapaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kumpa mteja rufaa: wasiwasi huu humchukulia saa ngapi kwa siku, na umemzuia kufanya nini? Mwanamume anayejibiwa kwa kicheko hatarudi zahanati. Atafuata namba iliyoandikwa kwenye nguzo.