Nani atamwambia daktari 'hebu ngoja'?

Unakumbuka ile stori ya KNH, Machi 2018? Madaktari walifungua kichwa cha mgonjwa wakitafuta damu iliyoganda kwenye ubongo. Saa zikapita, damu hawaioni. Kumbe waliyepaswa kumpasua ni mwingine kabisa. Huyu alikuwa na uvimbe tu, wa kutibiwa bila kisu. Tagi za majina zilikuwa zimebadilishwa.

Wafanyakazi wanne wakasimamishwa kazi, bosi wa hospitali akapewa likizo ya lazima. Sisi tukacheka mitandaoni (mimi pia, nakiri), tukasahau.

Lakini hebu fikiria, kabla ya kisu, mgonjwa hupita mikononi mwa watu wangapi? Nesi wa wodi, nesi wa thieta, mtu wa dawa ya usingizi. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kwenye upasuaji. Jina la mgonjwa liko humo, tena mwanzoni kabisa. Ni dakika chache tu.

Shida si karatasi. Ni yule nesi mgeni kazini anayeona tagi na faili hazifanani, lakini atamwambiaje daktari bingwa 'hebu ngoja'? Akikosea, atafokewa mbele ya watu. Akiripoti kosa baadaye, huenda kazi ikaenda. Sasa atasema?

Siku nikilazwa, usiniletee nesi mpole. Niletee yule msumbufu, wa kuniuliza jina mara tatu.