Dawa Imetuliza Maumivu, Ngozi Imeanza Kuwasha

Mtanzania yeyote aliyeugua malaria kabla ya mwaka 2001 anaikumbuka klorokwini. Vidonge vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, viwili siku ya tatu. Homa ilianza kushuka, lakini kwa watu wengi usiku wa kwanza ulikuwa wa mateso: viganja na nyayo vilichomachoma kama vinadungwa sindano, kisha mwili mzima ukawasha. Vipele havikuonekana. Mgonjwa alijikuna hadi akachubuka, na wapo walioacha dozi njiani wakaapa kutoigusa tena dawa hiyo. Mwaka 1991 watafiti Mnyika na Kihamia walichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam kuhusu jinsi muwasho huo ulivyoathiri matumizi ya klorokwini. Serikali iliiacha dawa hiyo mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, na kuwasha kwake kukabaki kuwa hadithi ya wazazi.

Kuwasha kwenyewe hakujaisha. Leo kunawapata watu wanaotumia dawa kali za maumivu: mofini, pethidini, kodeini, tramadoli. Jijini Dodoma watu hao ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji, dereva wa bodaboda aliyevunjika paja, mzee mwenye saratani anayeuguzwa nyumbani Mtumba, kijana mwenye selimundu ambaye mifupa inamuuma hadi analia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu duniani. Makadirio yanayotumiwa na Wizara ya Afya ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huo mwaka 2023. Wagonjwa walio wengi bado wanazikabili siku za maumivu makali kwa maji, dripu na dawa za kutuliza, mofini ikiwemo.

Mofini haiwashi kila mtu. Kwa wanaoinywa, idadi inayotajwa mara nyingi ni wagonjwa kati ya 2 na 10 katika kila 100. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo pamoja na ganzi, hesabu hupanda sana: angalau 30 katika 100, na baadhi ya tafiti zimekuta karibu wote. Muwasho wa namna hiyo una tabia yake. Huanzia puani, kuzunguka macho na shingoni, saa chache baada ya sindano, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Mama aliyetoka chumba cha upasuaji akiwa anajisugua pua bila kukoma hana mafua wala hajarogwa. Dawa iliyomtuliza maumivu imegusa pia njia ya fahamu inayobeba muwasho.

Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mepesi: mofini huzifanya baadhi ya seli za ngozi zimwage histamini, kemikali ileile inayofanya mtu awashwe akiumwa na mbu. Hilo ni kweli, hasa dawa inapopita kwenye mshipa na ngozi ya mkono ikawa nyekundu. Lakini si maelezo kamili. Mwaka 2011 kundi la wanasayansi likiongozwa na Zhou-Feng Chen, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, lilionyesha kwa kutumia panya kwamba ndani ya uti wa mgongo mofini hutuliza maumivu kupitia mlango mmoja na huwasha kupitia mwingine. Klorokwini nayo, miaka miwili kabla, ilikuwa imegunduliwa kuwa na kipokezi chake kwenye neva za ngozi kisichotegemea histamini. Tena utafiti wa Nigeria wa mwaka 2004 uliwapa wagonjwa waliokuwa wakiwashwa na klorokwini dawa inayozuia kazi ya mofini mwilini, nao wakapata nafuu. Mateso ya wazazi wetu na ya mgonjwa wa leo yana undugu wa karibu.

Ndiyo maana Piriton, ambayo kila nyumba huikimbilia, wakati mwingine husaidia na wakati mwingine haifui dafu. Inapambana na histamini tu. Mara nyingi kinachoonekana kuwa nafuu ni usingizi wake, na hapo pana hatari: Piriton juu ya mofini au tramadoli humlaza mtu kupita kiasi, na kwa mzee au mgonjwa wa kifua pumzi inaweza kupungua. Isitolewe bila mganga kujua. Hospitalini kuna njia nyingine, kama kupunguza dozi kidogo, kubadilisha aina ya dawa, au kutoa kiasi kidogo sana cha naloksoni kinachozima muwasho bila kurudisha maumivu. Figo pia huangaliwa, kwa sababu zikichoka mabaki ya mofini hujikusanya mwilini na maudhi yake huongezeka.

Jambo linaloumiza zaidi ni linalotokea pale mgonjwa anaposema tu, "Daktari, ile dawa ina aleji na mimi." Neno hilo likiandikwa kwenye faili bila maswali, linaweza kumfuata mtu maisha yake yote. Siku saratani itakapofika kwenye mfupa, atanyimwa mofini kwa sababu ya pua iliyowasha miaka kumi nyuma. Na mofini haipatikani kirahisi. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikichanganya unga wa mofini na maji ili wagonjwa wa tiba shufaa wainywe nyumbani. Uganda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, ili aliye kijijini asife kwa maumivu akimsubiri daktari. Kilichotafutwa kwa jasho namna hiyo hakistahili kupotea kwa neno lililoandikwa kwa haraka.

Mzio wa kweli upo, nao una dalili zake. Ngozi hutoa nundu zilizovimba na kuhamahama, midomo au kope huvimba, kifua hubana, sauti hubadilika, au mtu huishiwa nguvu na kuzimia. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Ni kwenda hospitali mara moja. Hali kadhalika malengelenge, vidonda mdomoni au ngozi inayobanduka. Dawa zinazonunuliwa dukani bila cheti, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, hazina ile njia ya muwasho ya mofini. Zikileta nundu na kuwasha, tuhuma ya mzio ni nzito zaidi: ziachwe na mtu aonwe, hasa akiwa na pumu.

Kwa anayetumia mofini au tramadoli, asiyevimba wala kubanwa, hatua ya kwanza ni kutoikatisha ghafla. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa akiacha kwa siku moja, maumivu hurudi na jasho, kuhara na kukosa usingizi juu yake. Amwambie mtoa huduma, aeleze dawa aliyokunywa, saa aliyoinywa, muwasho ulianza lini na wapi. Kwa wengi hupungua wenyewe baada ya siku chache, mwili unapoizoea dawa.

Wakati huo hali ya hewa ya Mtumba haimhurumii mgonjwa. Mvua za uwanda wa kati, milimita mia tano na kitu kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni upepo, vumbi na ukame. Ngozi hupauka hata kwa mzima, na ngozi kavu huwasha haraka zaidi. Kwa hiyo aoge maji ya uvuguvugu, si ya moto, wala asikae muda mrefu bafuni. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo. Dodoki liwekwe kando. Ngozi ikiwa bado na unyevu ipakwe mafuta ya mgando, ya nazi, au ya alizeti, zao ambalo Singida na Dodoma wanalijua vizuri. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi hutuliza sehemu inayowasha kuliko kucha, na kucha zenyewe zikatwe. Usiku, kanga au shuka la pamba linafaa kuliko blanketi linalochomachoma. Krimu zenye steroidi, zinazouzwa kiholela kwa wanaotaka kujichubua, haziondoi muwasho wa mofini, na zikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba.

Muwasho ukiendelea, au usipoeleweka, mtoa huduma anatakiwa kujaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hukusanya taarifa za maudhi ya dawa nchi nzima. Mgonjwa anaweza kuiomba ijazwe. Ni vyema aende na boksi au kichupa cha dawa, maana pamoja na jina la dawa na tarehe ya kuanza kuitumia, fomu huuliza namba ya toleo, na namba hiyo haiandikwi kwenye bahasha ya karatasi ambamo vidonge hufungwa.