Moto Juu, Moto Chini: Sikukuu Kisiwani Bumbire

Mtu wa mjini akitaka kujua Krismasi itakuwaje nyumbani kwake hutazama mfuko wake, na pengine kalenda iliyotundikwa ukutani. Lakini mke wa mvuvi wa dagaa katika kisiwa cha Bumbire, ambaye tarehe ya sikukuu anaijua tangu utotoni na mfuko wake haumfichi siri, hutoka uani usiku akatazama juu, kwa kuwa jambo analotaka kulijua, yaani kama baba watoto atakuwapo keki ikikatwa au atakuwa majini, halimo katika kalenda wala katika mfuko, bali limo katika mwezi.

Sababu yake si uganga. Dagaa wa ziwa huvutwa na nuru: mvuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri, dagaa wakaikusanyikia, na wavu ukawazoa. Usiku wa giza taa hiyo ni sultani peke yake. Usiku wa mbalamwezi ziwa zima huwa limeng'aa, na taa ya mvuvi haina hadhi tena mbele ya samaki. Kwa hiyo mwezi unapopevuka wavuvi wa dagaa hupumzika takriban wiki moja, pengine na zaidi, wakashona nyavu, wakalipana hesabu zao, na wenye ahali zao karibu wakaenda kuwajulia hali. Krismasi ya mwaka 2015 iliangukia siku yenyewe ya mwezi mpevu, jambo lisilotokea tangu mwaka 1977. Ile ya mwaka 2019, kinyume chake, ilikuja mwezi ukiwa umefichika kabisa, hata siku ya pili yake, tarehe 26, jua likapatwa, na jamaa zetu walioko Omani na nchi za Ghuba wakaliona asubuhi likiwa mfano wa pete. Mwaka kama huo sikukuu na riziki hugombania mtu mmoja, na aghalabu riziki hushinda. Waislamu wa mialoni, yaani kambi za wavuvi ufukoni, ndio wenye mtihani mkubwa zaidi: Idd el Fitri huandamana na mwezi mchanga unaozama mara baada ya jua, hivyo kila mwaka, pasipo kukosa hata mmoja, huingia katika giza lenye samaki wengi. Idd el Haji, iliyo siku ya kumi ya Mfunguo Tatu, huja mwezi ukiwa unakaribia kupevuka, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sikukuu aliyokadiriwa mvuvi.

Bumbire ni kisiwa cha Ziwa Viktoria katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, mkoa ambao mpaka mwaka 1979 ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Katika vitabu vya Wazungu kisiwa hiki kilitangulia kutajwa kwa shari. Mwezi wa Aprili 1875 msafiri Henry Morton Stanley aliteremka hapo kutafuta chakula, wenyeji wakaivuta mashua yake nchi kavu na kumnyang'anya makasia, naye akajiokoa kwa bunduki. Na mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule, pasipo kuridhika na uhai wake uliosalimika, akarudi na mitumbwi mingi na watu wenye silaha, akawapiga risasi watu waliosimama ufukoni, kisha akaandika mwenyewe habari zile magazetini, hata baadhi ya Waingereza wa zama zake wakamlaumu. Asili ya ugomvi ule ilikuwa chakula, na yeyote aliyekwisha kukaribishwa kisiwani mwezi wa Desemba, akazuiwa kuondoka mpaka ale nyumba ya tatu na ya nne, hushangaa kwamba ni watu wale wale.

Desemba ndiyo mwezi wa kurudi. Wahaya, wenyeji wa nchi hii, kama Wachaga wa Kilimanjaro, wana sifa katika Tanzania nzima ya kuifunga safari mwisho wa mwaka kwenda kwao. Na mwenye kutoka Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 1,400 mpaka Bukoba, baadhi kwa dhiki na wote kwa mizigo, kwa ajili ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ambamo ndimo pia walimozikwa wazee wake. Huamkia walio hai, akasimama kwenye makaburi ya waliokufa, ndipo sikukuu ikawa halali. Kwa mtu wa Bumbire safari haiishii barabarani, kwa kuwa imebaki sehemu ya maji, na hapo sina budi kusema neno lisilo la furaha: ziwa hili halisahau wala sisi hatupaswi kusahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya roho. Mtumbwi uliojaa magunia ya sikukuu hata ukingo wake ukabusiana na maji haumfikishi mtu kwenye sikukuu kwa haraka zaidi. Na avae jaketi okozi mtu mzima kabla hajamvalisha mtoto kwa maneno.

Ndani ya mizigo ile kuna unga wa ngano, sukari, siagi ya kopo, hamira, iliki na mchele, maana ngano si zao la kisiwa, na tanuri la mkate la kujengwa kwa matofali si kitu cha kila nyumba. Hapo ndipo huonekana ustadi ambao nimeuona ukidharauliwa na watu waliozoea jiko la umeme. Mama huweka sufuria kubwa juu ya mafiga au jiko la mkaa, akatia ndani yake mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili, na juu ya mchanga akaweka sufuria ndogo yenye uji wa keki, uliopigwa siagi na sukari kwanza mpaka ikawa nyeupe, kisha mayai moja moja, kisha unga. Ndani ya sufuria ndogo, badala ya karatasi, linatosha jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika. Hufunika kwa mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko akapanga makaa ya moto. Siri yote imo katika kugawa makaa hayo: yawe machache chini na mengi juu, kwa sababu joto la chini hupanda lenyewe na kuifikia keki kwa njia fupi, ilhali la juu halina tabia ya kushuka, na lazima liwe jingi ndipo linalomwagika kutoka katika bati litoshe kuuivisha uso. Mwenye kugeuza hesabu hii hupata keki nyeusi matakoni na mbichi kichwani. Mchanga nao una kazi yake: hulipokea joto polepole, hulishikilia, na kulitoa sawasawa, hata moto ukilegea kidogo kwa sababu ya mkaa ulionyeshewa. Na mkaa wa huko hunyeshewa sana, kwani pwani ile ya Bukoba hupata mvua ya wastani wa takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya Novemba na Desemba haimo katika kiangazi.

Wajukuu huketi kando wakingoja. "Bibi, bado tu?" "Bado, mjukuu wangu, na ukifunua tena itakaa chini kama wewe." Kauli hiyo si vitisho vya watu wazima peke yake. Keki inayopanda ni mapovu ya hewa yaliyozungukwa na unga usiokauka. Ubaridi ukiingia ghafla hewa ile husinyaa kabla kuta zake hazijashika, na keki ikatitia katikati isiinuke tena. Kijiti kichomwe mwisho, si mwanzo, na kikitoka kikavu ndipo makaa yaondolewe.

Njia hii ya moto juu na moto chini haikuzuliwa ziwani. Unguja, Mombasa na Lamu, mkate wa kumimina wa mchele na nazi, ambao Ramadhani bila huo huonekana imepungukiwa, huokwa vivi hivi tangu zamani, na kwa hakika mwanamke wa Bumbire na mwanamke wa Ng'ambo ya Unguja wakikutana mbele ya sufuria moja hawatahitaji mkalimani. Lakini hata pasipo kufundishwa na watu wa pwani, nchi ya Buhaya haikuwa ngeni katika elimu ya moto: wataalamu waliochunguza mabaki ya tanuri za chuma magharibi ya ziwa hilo, na mwaka 1978 wakatangaza waliyoyaona, walibaini kwamba watu wa huko walikuwa wakiyeyusha chuma kwa joto kali zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mababu walioweza kulitiisha jiwe likatoa chuma wasingeshindwa na kilo moja ya ngano.

Wala hawakuwa wageni wa chachu. Kabla ya pakiti ya hamira kufika mwaloni, Wahaya walikuwa na rubisi, pombe ya ndizi: ndizi za kuivisha hukamuliwa ndani ya mti uliochongwa mfano wa mtumbwi, wala si mfano tu, kwani kwa Kihaya chombo hicho na mtumbwi wa kuvulia huitwa kwa jina moja, obwato, maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa yakalala, na kesho yake yanatoa povu. Kinachotoa povu katika obwato na kinachoumua donge la maandazi ni kiumbe kimoja, kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachokula sukari na kutoa hewa na kileo. Katika rubisi watu hutaka kileo na kuiacha hewa iende zake, katika mkate hutaka hewa, na kileo hutoweka motoni. Bibi aliyekulia karibu na obwato akiona donge la unga likipanda chini ya kitambaa hashangai, hulijua tangu zamani kwa harufu yake.

Sikukuu yenyewe ya Krismasi ililetwa na wamisionari: Mapadri Weupe waliofika Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wa Bethel kutoka Ujerumani mwaka 1910. Hao wa pili walitoka katika nchi ambayo Krismasi haiwi Krismasi bila mikate yake maalumu. Mji wa Dresden una soko la sikukuu tangu mwaka 1434, na mkate wao uitwao Stollen, wenye zabibu na kunyunyiziwa sukari, una heshima karibu na ya msalaba. Dini yao ikakaa, nyimbo zao zikakaa zikapewa maneno ya Kihaya, ila mkate ule haukukaa, na mimi sioni hasara. Kilichokaa ni tabia ya kuandaa jambo kwa siku nyingi na kwa mikono mingi, nayo ilikuwapo Buhaya kabla ya meli yoyote.

Siku ikifika, baada ya ibada, utaona kichekesho ambacho wenyeji hawakioni. Mgeni kutoka Dar es Salaam ametamani sato wa ziwa mwaka mzima, na wenyeji wanaokula samaki mwaka mzima wametamani nyama ya ng'ombe na wali. Basi kila mmoja humhurumia mwenzake kwa chakula chake. Ndizi hazikosi, zimemenywa na kupikwa pamoja na maharage, zimefunikwa kwa jani. Senene nao, ambao msimu wao mkubwa huwa Novemba na Desemba, huja wamekwisha kunyofolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Wazee husimulia kwamba zamani wanawake ndio waliowaokota na wanaume ndio waliowala, dhuluma ambayo nafurahi kwamba imekufa bila kuombolezwa. Kabla ya yote mgeni hupewa kahawa, si ya kunywa bali ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, na mwenyeji huzitoa kwa mikono miwili akimwita mgeni wake Ta au Ma kwa taadhima, hata akiwa mdogo kwake kwa miaka.

Ama keki, hukatwa alasiri, na vipande vya kwanza huondoka nyumbani kabla wenyewe hawajaonja. Katika mialo Mkristo na Muislamu, Mhaya na Mkerewe, Msukuma na Mjita hukaa ukuta kwa ukuta, na sahani iliyotoka Krismasi na vipande sita hurudi Idd ikiwa na pilau. Kurudisha sahani tupu ni aibu kwa Bumbire kama ilivyo aibu kwa Pemba.

Miaka hii baadhi ya wageni huja na keki zilizokwisha kuokwa mjini, zimepambwa kwa rangi na kuandikwa majina, zikalindwa ndani ya boti kama mgonjwa. Ni nzuri kwa macho. Lakini keki hiyo humfanya kila mtu kuwa mtazamaji, na mtoto hana makaa ya kuyalinda wala kifuniko cha kukatazwa. Kwa hiyo nasaha yangu kwa mwenye kwenda kisiwani ni hii: iache keki mjini, chukua unga, siagi na iliki, uvifunge ndani ya ndoo yenye mfuniko visiingie maji, na uulize mapema mwezi uko wapi. Mwezi utapevuka tena siku yenyewe ya Krismasi mwaka 2034.